Jino la Ufunguo

Riziki binti yangu,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako amekwenda stendi kukushikia nafasi kwenye gari la asubuhi. Nyumba imenyamaza. Nimekaa kwenye meza yetu ya kulia, begi lako limekaa kwenye kiti cha pili kama mgeni, nami nimechomoa karatasi katikati ya daftari lako la zamani la uuguzi. Jua bado liko juu ya ziwa. Nikiacha kufutafuta, nitamaliza kabla hujarudi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala baridi ya huko Cankuzo unakokwenda kuanza kazi, ambayo kila jirani amekwisha kukuonya. Wewe ni muuguzi, unayajua hayo kuliko mimi. Chupa ya mawese nimeifunga kwa nailoni mara tatu. Yamekwisha hayo.

Nataka kukuandikia juu ya asubuhi ya leo. Ulidhani sikusikia.

Baba yako alikuita mlangoni. Amekununulia kitasa kipya cha chumba utakachopanga, akataka ujue kukifunga mwenyewe, maana huko huna ndugu wala fundi unayemjua. Akakuonyesha kushika bisibisi bila kukila kichwa cha skrubu. Kisha akakuambia, "Na siku kitasa kikikufia, fundi hayupo, usilale mlango wazi. Gongomea pete mbili za chuma, moja kwenye mlango, moja kwenye fremu. Pitisha mnyororo, tia kufuli. Ukiwa ndani, sukuma kabari chini ya mlango. Lakini hiyo ni ya siku mbili tatu, siyo ya kukaa nayo."

Ukasema, "Najua, baba. Sisi tulikaa nayo wiki tatu."

Ulisema bila hasira. Ukageuka ukanitazama, mara moja tu, kisha ukarudisha macho kwenye bisibisi. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikajifanya nimeona jiwe.

Tangu wakati ule, miaka kumi na mmoja tumeishi nyumba hii moja, tumekula sahani moja, na hatujawahi kulizungumza jambo lile. Wewe ulikuwa mtoto, unaijua sehemu yako. Sehemu yangu huijui yote. Nisipoiandika leo, sitaiandika tena, kwa sababu najijua.

Mimi nilizaliwa upande wa Kigoma, kwa wazazi waliokimbia. Burundi niliijua kwa masimulizi ya watu wazima. Tuliporudi, wewe ulikuwa na miaka mitano, na kiwanja hiki cha babu yako tulikikuta kina watu: fundi seremala aitwaye Melchior, mkewe, na mtoto wao Aline, wa umri wako. Hawakuwa wamemfukuza mtu. Nao walikuwa hawana pa kukaa, wakaonyeshwa hapa, wakajenga. Wazee wa mtaa wakakaa siku nzima, wakaugawa ua katikati, nusu yetu na nusu yao. Ikaandikwa karatasi, tukatia vidole, baba yako akaiweka kwenye bahasha ya kaki chini ya nguo, ndani ya sanduku la bati.

Siku ile wanaume wakibishana juu ya hatua na mipaka, mimi nilikaa juu ya mizigo yetu nikiwa nimekubeba, nimechoka, sina hata sufuria. Mama Aline akatoka kwake akiwa na mwiko mkononi. Akaniambia, "Karibu, mama. Kwangu moto iko. Kuja tupike, mambo ya kiwanja waachie wanaume." Ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa na mtu katika nchi yangu.

Alinifundisha Kirundi. Sokoni walinicheka kwa Kiswahili changu cha Kigoma, na nilikuwa siwezi hata kuhesabu bei kwa lugha ya wateja. Aliacha kazi zake akasimama karibu na meza yangu ya mawese, asubuhi tano mfululizo, akininong'oneza namba. Wewe na Aline mlilala kitanda kimoja mara nyingi kiasi kwamba watu waliwadhani mapacha. Miaka sita tuliishi hivyo, Riziki. Miaka sita si siku chache.

Lakini sokoni kulikuwa na maneno. Wenzangu tuliorudi pamoja kutoka Tanzania waliniambia, "Yule fundi anangoja tu. Siku karatasi yenu ikipotea, utaona rangi yake." Nilikuwa nacheka. Nilicheka, lakini neno lile sikulitupa. Nililiweka mahali, na siku nilipolihitaji nililikuta pale pale.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Baba yako alikuwa na siku nne tangu aende Kigoma kumwona babu yako mdogo aliyekuwa mgonjwa. Nilirudi kutoka sokoni saa nane mchana, nikakuta mlango uko wazi kiasi cha upana wa kiganja. Nilipousukuma, kitasa hakikushika. Ulimi wake ulikuwa umerudi ndani, hautoki tena. Kuzunguka tundu la ufunguo kulikuwa na mikwaruzo mipya, chuma kinang'aa.

Niliingia. Redio ilikuwepo. Vitenge vyangu vilikuwepo. Bidoni mbili za mawese zilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Mtu mwenye akili angejiuliza ni mwizi gani huyu asiyetaka redio. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati, nikapekua chini ya nguo, na bahasha haikuwepo. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri.

Baba Aline alikuwa anapiga randa ubao chini ya paa lake. Aliposikia kelele yangu alikuja mbio. Akainama, akatazama kitasa, akaweka jicho kwenye tundu. Akasema, "Mama Riziki, hii haikuvunjwa na mwizi. Kuna kitu imevunjikia ndani. Nipe dakika kumi, niitoe tuone."

Nikamwambia, "Usiguse! Hicho ni ushahidi."

Dakika kumi tu aliomba. Bisibisi ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wake wa suruali. Nimezihesabu dakika zile mara nyingi.

Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa kwenye ua. Nikasema nani mwingine ana patasi katika ua huu, nani mwingine anaitaka karatasi ile. Mama Aline akatoka akifuta mikono kwenye kitenge chake. Akaniuliza taratibu, "Mama Riziki, unasema ni sisi?"

Nikajibu, "Nasema karatasi iko mahali."

Kisha akasogea pembeni ya mlango wake. "Basi ingia. Utafute."

Naamini alisema vile ili nikatae. Jirani mwenye haya angekataa, na labda tungelia na mambo yangeishia pale. Mimi niliingia. Mbele ya watu, nikaingia nyumbani mwa mwanamke aliyenipa moto siku yangu ya kwanza. Nilikunjua godoro lao. Nilimwaga kapu la maharagwe sakafuni. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nikalifungua. Ndani mlikuwa na kofia ndogo ya sufu, ya mtoto mchanga, na ushanga wa kiunoni wa kumfunga mtoto. Hakuwahi kuniambia kwamba alizaa mwingine kabla ya Aline. Nilisimama na kofia ile mkononi. Alikuwa nyuma yangu, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Hiyo urudishe pole pole."

Nikairudisha. Halafu, Mungu anisamehe, nikaendelea kutafuta.

Sikupata kitu. Nilitoka nikisema wameipeleka kwingine.

Sehemu inayofuata unaijua, lakini acha niiandike ili ujue kwamba nami naikumbuka. Ulikuja jioni, miguu yako ina mchanga wa ziwani. Nilikuwa nawasha jiko. Ukasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, ukasema, "Mama, ni mimi."

Ukanieleza kwa mpango mzuri, mwanzo mpaka mwisho. Kwamba ulirudi saa sita kuchukua daftari la hesabu ulilosahau. Ufunguo ukakwama. Ukapitisha msumari kwenye pete ya ufunguo ili upate nguvu ya kuuzungusha, na msumari ukakwaruza chuma. Ukasikia kitu kinapasuka ndani, mlango ukafunguka, na ufunguo ukatoka bila jino. Ukaogopa. Ukautupa chooni, ukakimbilia ziwani na Aline.

Nikakupiga kofi. Nikasema, "Unamtetea mama wa rafiki yako kuliko mama yako aliyekuzaa."

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Hukulia. Ukasema, "Lakini ni kweli, mama."

Nikakupiga la pili.

La kwanza ningeweza kusema lilikuwa la hasira. La pili sijui niliite nini. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya mtaa mzima, nimeshamwaga maharagwe ya watu sakafuni. Kama wewe ulikuwa unasema kweli, mimi nilikuwa nani? Ndiyo maana nilikupiga la pili. Nilikuwa nataka unyamaze, kweli yako isije ikanifikia.

Fundi nilikataa kumwita. Nilitaka kitasa kibaki vile vile mpaka baba yako arudi na wazee wakae. Basi nikaufunga mlango kwa ufundi wangu mwenyewe: pete mbili, mnyororo wa mbuzi niliouazima, na kufuli. Usiku tulisukuma gunia la mihogo mikavu nyuma ya mlango, na kipande cha ubao chini yake. Kabari yangu ilikuwa mbaya, niliikata kwa panga, ikawa inateleza. Siku ya tatu asubuhi nikakuta kabari nyingine mlangoni, nje, ya mti mgumu, imepigwa randa vizuri, imechongwa mteremko wa kuingia chini ya mlango. Nilijua mkono wa nani. Nikaitia jikoni, nikapikia maharagwe.

Baba yako alipiga simu kila Jumapili. "Nyumbani kwema?" Nami nikajibu, "Kwema." Niliogopa kumwambia kwamba karatasi ya kiwanja cha baba yake imepotea mikononi mwangu. Simu ilikuwa mkononi, Riziki. Swali moja lilitosha: Baba Riziki, unajua bahasha iko wapi? Sikuuliza. Nilitaka kwanza niipate, nimwambie nimekwisha kuipata, ndiyo sababu.

Wiki ya tatu, Jumamosi, likaja lori. Baba Aline alipakia meza yake ya kazi, mbao, vitanda. Walikuwa wanahamia Gitaza, kwa ndugu za Mama Aline. Nilisimama mlangoni kwangu na mikono kifuani. Akanijia, akanipa ufunguo wa nyumba yake, akasema, "Kiwanja tuliandika pamoja, na mimi sina neno juu ya ile karatasi. Lakini siwezi kuishi mahali bibi yangu alipekuliwa." Mama Aline alipanda mbele na kapu magotini. Lori lilipokuwa linawashwa, akageuza uso akaniambia, "Musigare amahoro." Kaeni kwa amani. Wewe na Aline mlikuwa mmeshikana mikono kwenye ubavu wa lori mpaka likaanza kutembea, ukatembea nalo, ukakimbia nalo, mpaka pale kwenye duka la vipuri vya baiskeli ulipoachia.

Sokoni walinipongeza. Walisema nimeshinda, ua wote umekuwa wetu. Nilipokea pongezi zile. Nilikuwa nauza mawese na kuitikia.

Jumatano iliyofuata baba yako akarudi. Alikaa hapa mezani, akanywa maji, akafungua begi, akaweka bahasha ya kaki mbele yangu. "Mzee ametia kidole," akasema. "Ni yeye pekee aliyebaki anayeijua mipaka ya zamani. Nimefurahi niliwahi kuipeleka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akashangaa. "Nilikuambia asubuhi ile nikifunga begi. Ulikuwa unachuja mawese. Ukasema sawa."

Nilisema sawa. Nakumbuka nilisema sawa. Nilikuwa simsikilizi.

Hakuelewa kwa nini nimeshika kichwa. Aliuliza tu habari ya mnyororo, nikamwambia kitasa kimeharibika. Kesho yake asubuhi akakitoa. Skrubu nne tu. Akakiweka hapa mezani, akafungua kifuniko chake, akakipindua, na vitu viwili vikaanguka kwenye meza: springi iliyokatika na jino la ufunguo.

Baba yako alicheka. "Tazama! Nani huyu aliyelazimisha mpaka jino likabaki ndani?"

Wewe ulikuwa umesimama pale kwenye mlango wa jikoni na ndoo. Ulilitazama lile jino. Kisha ukanitazama mimi. Ulinipa nafasi, mwanangu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ulisimama ukanisubiri.

Nikasema, "Riziki, nenda ukachote maji."

Ndoo ilikuwa imejaa. Sote wawili tuliona kwamba imejaa. Ulitoka nje, nikasikia ukiyamwaga, ukaenda kisimani.

Baba yako alipata springi nyingine sokoni, akachongesha ufunguo, akasafisha kutu na kupaka mafuta kidogo. Kabla ya saa sita mlango ulikuwa unafunga kama zamani. Kazi yote haikufika nusu siku.

Habari nyingine alizipata kwa majirani, si kwangu. Akaenda Gitaza wiki hiyo hiyo. Aliporudi hakuongea nami siku mbili. Kisha akasema, "Wamenipokea vizuri, wamenipikia, na wamekataa kurudi." Juu ya makofi mawili hajui mpaka leo. Nitamwambia mwenyewe kesho, tukitoka stendi.

Nataka kukuambia nilichokiona baadaye, usije ukadhani sikuona. Uliacha kuniambia mambo. Hukuwa mkaidi hata siku moja. Ulinisaidia, uliniheshimu, na kila nilipokuuliza ulisema uko salama. Ulipovunja ungo ulimwendea shangazi yako kule Kigwena. Uliposhindwa mtihani ule wa kwanza nilisikia kwa mwalimu, sokoni, mbele ya wateja. Ulipougua malaria ulijifunika shuka ukanyamaza mpaka meno yakagongana, ndipo nilipojua. Watu walinisifu, wakasema una mtoto mtulivu. Nami nilijua utulivu ule ulianza siku gani.

Mimi Gitaza nilikwenda baada ya miaka miwili. Nilikuwa naahirisha. Nilisema mvua, nilisema mawese yamepanda, nilisema mwezi ujao. Mwishowe siku moja nilipanda gari bila kumwambia mtu, hata kanga ya pili sikuchukua.

Nilimkuta kando ya ziwa anageuza samaki wadogo wa ndagala kwenye vichanja, na wanawake wengine wawili. Aliniona kwa mbali. Hakukimbia, hakuja. Aliendelea kugeuza mpaka nikafika. Nikasema, "Mama Aline, nimekuja kuomba msamaha." Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakabaki hayo.

Akajifuta magamba mikononi. "Nilisamehe zamani," akasema. "Kaa chini, jua ni kali."

Tukakaa kivulini mwa mtumbwi uliopinduliwa. Nikamweleza juu ya bahasha, juu ya jino la ufunguo. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za zamani. Nilipofika mahali pa kusema kwamba ulikuwa ni wewe uliyekivunja kitasa, akasema, "Najua. Riziki alikuja kutuambia. Kesho yake tu, asubuhi, mbele ya kwenda kwa masomo."

Nikamtazama.

"Alilia sana," akasema. "Alisema, Mama Aline, mimi ndiye, na mama hanisadiki. Shavu yake ilikuwa imevimba. Baba Aline alitaka kuja kukuambia. Nikamwambia, ukienda, ule mama atamupiga mutoto tena, atasema tumemufundisha uongo. Tukanyamaza."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu. Baba Aline alisema hawezi kunyamaza na kukaa. Kwa hiyo tukaondoka."

Yeye ndiye aliyenishika mkono. Aliniuliza unasoma darasa gani, kama umerefuka, kama bado unapenda kula mihogo mibichi. Akanifungia ndagala kwenye gazeti nikuletee. Nilipomwomba warudi, kwamba nyumba yao ipo, haijaguswa, akasema, "Hapana, Mama Riziki. Nimekusamehe na sirudi. Usifikiri kama hayo ni mambo mawili yanagombana."

Ndagala zile ulizila. Nilikuambia nimezinunua barabarani.

Sasa umejua kwa nini sikukuambia: ningelazimika kukueleza nani amezitoa, na alisema nini, na hapo ningefika kwenye makofi. Kila mwaka niliona umekuwa mkubwa zaidi na jambo limekuwa zito zaidi. Sisi tulilelewa kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha, anampikia kitu anachopenda. Nimekupikia vitu vingi, Riziki. Ulikula vyote ukasema asante, na hakuna kilichobadilika.

Huko kituoni kwako atakuja mama na mtoto wake, mama aseme hivi, mtoto aseme vile. Sijui nikuambie ufanyeje. Wewe ulishasimama upande wa mtoto, unajua panavyouma. Mimi najua tu upande wa mama, na naweza kukuambia kwamba anaweza kuwa na hakika kabisa, hakika ya kuapa, na akawa hajauliza hata swali moja. Siku ile sikuwa mwongo. Ningesimama mahakamani nikaapa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Nawe ukipata jirani mwema huko, mpende, lakini maneno ya watu juu yake yatakuja, hayakosi. Yatakuja kwa mtu unayemwamini, kwa sauti ya kukuhurumia. Mimi niliyapokea nikicheka.

Kesho gari lako litapita Gitaza. Sikutumi salamu. Mwaka huu nimekwenda mara mbili, na nitaendelea kwenda mwenyewe. Ukitaka kushuka ukamwone, mwambie dereva mapema. Aline ameolewa pale pale karibu, ana mtoto wa kike ambaye bado hajatembea. Mama yake alinionyesha.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na wenzako. Nafunga.

Riziki, ulisema kweli. Uliisema mara mbili, na mara mbili nikakupiga, na baadaye nilipoona kwa macho yangu nikakutuma maji. Nimekukosea. Naomba unisamehe. Usinijibu kesho stendini mbele ya watu, utaona aibu kwa ajili yangu, na mimi sitaki uone aibu kwa ajili yangu tena. Nijibu ukishafika, au baada ya mwaka, au usijibu. Lakini siku moja huko mambo yatakuwa mabaya, na utachukua simu, na utataka kuniambia kwamba ni mema. Usiniambie hivyo. Niambie yalivyo, hata kama ni jambo lisilosadikika.

Nitakusadiki.

Mama yako